Chura wa Mwisho wa Baba Débora

Marehemu Barthélemy Banza, tuliyemzoea kwa jina la Baba Débora, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji kimoja karibu na Pweto, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Hesabu zilimshinda, mti haukumshinda. Baba yake alimfundisha kuchonga vyura wenye tumbo tupu na mgongo wa meno. Ukipitisha kijiti mgongoni, chura analia, na wale wa kweli huko matetini humjibu.

Tarehe 8 Agosti 1987 alimwoa Germaine. Tangu hapo kazi ikawa ya wawili: mume achonge, mke asikilize. Mama Germaine hakuwa na sifa za bure.

"Huyu iko na mafua," alisema. Siku nyingine: "Baba Débora, umechonga mbuzi!"

Chura akarudi chini ya kisu.

Vita viliwavusha ziwa mwishoni mwa 2017, na Februari iliyofuata wakapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Mantapala, huku Zambia. Alilima muhogo, akachonga, akauza vyura sokoni Kashikishi. Alikuwa amechoka, wala hakuficha. Mwaka 2021 homa kali ilimwondolea masikio, akawa hasikii kabisa. Kuanzia hapo alikwaruza chura huku akiutazama uso wa mkewe, na uso ule haukumdanganya hata mara moja.

Kifua kilimlaza Juni mwaka huu, 2025. Kliniki walijitahidi, kisha tukamrudisha nyumbani. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 8 Septemba, aliomba kisu amalizie chura aliyekuwa chini ya kitanda. Kisu kiliteleza, tumbo la chura likapasuka. Alipomkwaruza, ikasikika sauti kama ya kijiti kikikwaruza ukuta, basi.

"Iko analia muzuri, Baba Débora," mama alisema, akiitikia kwa kichwa ili mumewe aelewe.

Baba Débora akautazama uso wa mkewe, akacheka kidogo. "Miaka makumi tatu na munane, leo ndio unanidanganya. Basi, yangu imekwisha. Kamata kisu."

Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane Germaine; watoto Débora, Gauthier na Chouchou; wajukuu saba; na dada yake Léonie wa Pweto, ambaye hakuweza kuvuka ziwa kuja mazishini.

Chura yule yuko hapa juu ya jeneza. Gauthier alitaka kumtengeneza, mama akakataa: "Muache. Naye amechoka."

Baba Débora apumzike kwa amani. Kisu tumekipokea.