Kampuni ya Kengele na Sahani Iliyofunikwa

Shoga zangu, nisogeleeni kidogo. Sauti yangu si ile tena, na kusimama siwezi, nitasema nimekaa. Mwenye nyumba kaniomba nizungumze kwa sababu mimi nimetangulia kuja Maskati, tangu mwaka wa sitini na nne, na nyinyi ndiyo kwanza mnaingia mwaka huu, baada ya Sultani mpya kufungua milango, wengine kutoka Unguja, wengine Kuwait, wengine Dubai. Hotuba sina. Na jina la mtu sitalitaja, maana wengine wamo humu humu, na mmoja ananitolea macho tangu nilipofungua mdomo.

Kule Unguja mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya sinema. Na mimi, msinicheke, nilikuwa na kazi kwenye shoo ya wanawake. Mnaikumbuka? Mchana, mwanamume haingii, watoto wanalia, njugu zinatafunwa. Picha za Kimarekani, na wengi wetu Kiingereza hatukijui. Basi mimi nikisimama mbele, ubavuni mwa pazia, nikiwaeleza kwa Kiswahili: huyu kamwambia hivi, yule kamjibu vile. Mume wangu ashanieleza picha yote nyumbani. Wakibusiana, nasema, "Wanaamkiana hao, wamepoteana siku nyingi." Ukumbi mzima kicheko, na hakuna mama alomkataza bintiye kurudi wiki ya pili.

Picha zetu nyingi zilitoka kwa kampuni moja ya Hollywood. Alama yake kengele: mkono unatokea gizani, unaipiga, picha inaanza. Mume wangu akiipenda kampuni ile kama wenzake walivyopenda timu ya mpira. Akisoma khabari zake kwenye magazeti yalokuja na mikebe ya filamu, kisha ananihadithia. Mimi nakuna nazi, yeye ananizungumzia ndugu wawili wa Amerika, wenye kampuni, utadhani wanakaa mtaa wa pili.

Halafu yakatokea yale. Mnayajua, sina nguvu ya kuyarudia. Tulipopata nafasi kwenye meli, mume wangu alitwambia tutangulie, mimi na mama yake, mavyaa wangu. Yeye ana mikebe ya watu mkononi, lazima aikabidhi. Ndivyo alivyokuwa, kitu cha watu hakiachi njiani. "Nakuja na meli ya nyuma," akasema.

Meli ya nyuma ilikuja, yeye hakuwamo. Alikuwamo jirani yetu mmoja, akatufuata mpaka kijiji cha Sidab, hapa jirani, tulikofikia, akatwambia kwa mdomo wake kwamba kamzika, na kaburi analijua. Mavyaa wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia kahawa, halafu akamwambia, "Umemfananisha."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kunyimwa chakula akavumilia. Mimi nilinyimwa kulia. Nikitaka kukaa eda, mavyaa wangu ananiuliza, "Eda ya nani? Mwanangu yu hai." Khitma haisomwi. Nikiinama machozi yananitoka, ananiambia namtabiria mwanawe kifo, na huyo mwanawe ni mume wangu mwenyewe! Si mke, si mjane. Wanawake wa Sidab walikuwa hawajui wanipe mkono wa pole au wanyamaze.

Na kila tukipakua, anampakulia mwanawe. Sahani yake, samaki wake, kawa juu kuifunika. Inakaa pale mpaka chakula kipoe, kisha inatolewa kwa jirani. Yeye mwenyewe hali. Tonge moja, mbili, anasukuma. Mimi nami nikaanza kunyamaza. Mimi, nilokuwa nikijaza ukumbi kwa sauti yangu! Siku zikipita sijasema ila naam na labeka. Nilikuwa nimechoka, na nilichoka mpaka nikaona kunyamaza ndiko kupumzika.

Tulikaa hivyo hadi mwaka wa tatu. Mavyaa wangu amebaki mifupa, mkono wake ukiushika unaogopa. Nikajua huyu anaondoka, na akiondoka nitabaki peke yangu na sahani ile.

Mchana mmoja nimemwekea wali na papa, kaugeukia ukuta. Akasema bila kunitazama, "Ile kampuni ya kengele. Mwanangu akiizungumza sana. Ilikuwaje?" Huyu ni mtu ambaye hakutia mguu sinema maisha yake, akisema ni uchafu. Sijui nini kilinipa akili. Nikamwambia, "Kula, nikuhadithie. Ukiacha kula, nami naacha."

Akala. Nikaanza.

Nikamwambia walikuwa ndugu wawili wauza kofia, wakapangisha banda la farasi wakapigia picha humo, na farasi hawajahama. Mavyaa wangu akauliza, "Harufu je?" Nikamwambia picha za wakati ule zilikuwa bubu, harufu haikuonekana wala sauti haikusikika. Kesho yake nikaendelea: zikaja picha za kusema, na yule mchezaji wao mkubwa, mwanamume wa miraba minne, kufungua mdomo, sauti kama ya mbuzi mdogo. Watu wakaangua kicheko, kampuni ikayumba. Mavyaa wangu alicheka mpaka akapaliwa, na mimi nikaisikia sauti yangu mwenyewe chumbani, nikashtuka kama nimemsikia mgeni.

Tukenda hivyo siku nyingi. Ghala lao likaungua, maana filamu za kale zinashika moto kama mafuta ya taa. Wakaanza upya. Kila mlo kipande kimoja. Sahani ya kawa ipo palepale, lakini yake yeye sasa anaimaliza.

Mpaka nikafika mahali nilipokuwa napaogopa. Nikasema haraka haraka, "Basi ikaja televisheni, watu wakakaa majumbani, kampuni ikaanza kutengeneza michezo ya televisheni, ikapona."

Mavyaa wangu akaweka tonge chini. "Umeruka," akasema.

"Sikuruka, mama."

"Umeruka. Sauti yako hiyo ndiyo ile ya 'wanaamkiana hao'. Mwanangu alinisimulia ujanja wako. Rudi nyuma."

Nikarudi. Nikamwambia kaka mkubwa alifariki. Mdogo wake akakiacha kiti cha kaka mahali pake, pale ofisini, asikalie mtu. Kila asubuhi anakitazama. Wafanyakazi wakimwambia twende na televisheni, anajibu, "Kaka hatopenda." Viwanja vikaota majani, watu wakaachishwa kazi, kiti kipo. Hakuna alothubutu kukigusa.

"Nani alokitoa?" akauliza.

"Yeye mwenyewe, mama. Asubuhi moja alikibeba kwa mikono yake akakitoa nje. Wanasema alikaa nacho uani akalia mbele ya wafanyakazi wote. Halafu akaingia ndani, kazi ikaanza."

Macho yake yakaganda kwenye ile kawa. Nilidhani nimemuua. Kisha akavuta ile sahani ya mwanawe, akafunua kawa, akamchambua samaki taratibu, akaisukuma mbele yangu. "Kula," akasema. "Umekonda." Na nilipotia tonge la kwanza mdomoni, akapiga ukelele ambao sijausikia tena, na mimi nikapiga wangu, tukashikana, na wanawake wa Sidab wakaja mbio, safari hii wakijua la kusema.

Jioni ile akatuma mtu kwa sheikh aulize mambo ya eda yangu. Nikakaa. Khitma ikasomwa. Nilipovaa nguo za kawaida nilikuwa nimechoka vilevile, sitawadanganya, na mpaka leo nimechoka. Lakini uchovu wa mtu alokwisha kulia unalalika.

Nawashukuru wale majirani wa Sidab, walopokea sahani ile kila siku bila kuuliza ni ya nani. Namshukuru yule jirani wa Unguja aloyabeba maneno mazito akavuka nayo bahari, akaambiwa kafananisha, na hakutukasirikia. Namshukuru mume wangu, Mungu amrehemu, kwa hadithi zake za jikoni. Na mavyaa wangu, huyo hapo anayenikonyeza nimalize. Juzi mgeni wa Kuwait alimwambia kule kwenye televisheni kaiona kengele, mkono unaipiga kama zamani. Yeye akauliza tu, "Na kiti hawakukirudisha?"

Humu ndani nawaona ambao mnamngoja mtu, na khabari yake mnayo. Sikuambiini msahau. Nakuambieni msiruke. Pale panapouma, rudini, mpaseme kwa sauti, na mtafute wa kushikana naye mkilia.

Basi, nimemaliza. Kanaweni mikono. Mavyaa wangu kapakua mwenyewe leo, na sahani kazihesabu kwa tulokuwepo tu.