Balbu ya Jikoni

Basi lilipopita mbele ya shule, fundi umeme aliyeketi mbele yangu alimwonyesha mama wa pembeni yake jengo la maabara. "Wameipa jina la mwalimu wetu wa sayansi, marehemu. Yule mzee, dada yangu, hakujua Jumapili. Vifaa havikuwepo, akawa anatuletea waya, birika, hata balbu kutoka kwake. Bila yeye nisingekuwa fundi."

Mama hakugeuka. "Balbu aliitoa jikoni," akasema. "Mama yangu akawa anapika kwa mshumaa."

Mimi nikajifanya nasinzia, kazi ninayoiweza vizuri.

"Pole, dada. Sikujua wewe ni binti yake."

"Hata yeye alikuwa anasahau. Ninyi aliwajua kwa majina yote matatu, mimi akiniita jina la dada yangu."

"Lakini alitutoa mbali."

"Sijakataa, kaka. Alikuwa na moyo mmoja tu, mkaumaliza ninyi."

Basi likasimama na kondakta akataja kituo. Fundi alikuwa ameshapakata begi lake tayari kushuka, lakini hakunyanyuka.