Selestini Mayige (1959–2025), Aliyekuwa Sauti ya Kina Nungu

Familia ya Mzee Mayige wa Lalago inawashukuru kwa kufika hapa Somanda, Bariadi, na inaomba radhi mapema, kwa sababu wasifu huu una aya moja ambayo wasifu kwa kawaida hauna. Marehemu aliagiza mwenyewe, mwezi Aprili, akiwa na akili zake zote, kwamba siku ya kuzikwa kwake jambo fulani lisemwe mbele ya mama mkwe wake, Bibi Milembe, kwa kuwa yeye hakuweza kumwambia. Kikao cha ukoo kilibishana juu ya aya hiyo kwa saa tatu. Tutaifikia.

Selestini alizaliwa tarehe 6 Mei 1959 kijijini Lalago, Maswa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mayige na Mama Kabula, wakulima wa pamba na wafugaji. Lalago wakati huo ilikuwa Jimbo la Ziwa, baadaye ikawa Mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 ni Simiyu. Marehemu alipenda kusema kwamba watu wa kwao wamesafiri sana bila kuondoka.

Alisoma shule ya msingi Lalago kuanzia 1967 hadi 1973. Mama yake alitunza ripoti ya darasa la sita, ambamo mwalimu aliandika: "Anajibu maswali yote. Majibu hayahusiani na maswali." Baada ya hapo alijifunza ufundi redio kwa binamu yake, na mwaka 1978 akaajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikodumu miaka kumi na mitatu.

Tarehe 11 Oktoba 1986 alifunga ndoa na Mektilda, binti wa Bibi Milembe wa Dutwa. Ng'ombe walikwenda, harusi ikafungwa kanisani, na kuanzia siku hiyo Selestini hakumtazama tena mama mkwe wake usoni, wala yeye hakumtazama. Vijana wa mjini wameiacha mila hii. Hawa wawili hawakuiacha. Walipokutana mnadani Dutwa, mmoja aliingia kwenye mahindi.

Mwaka 1991 mtaalamu wa visima kutoka Ulaya alimaliza mkataba, akamwachia Selestini deki, televisheni na boksi la mikanda kumi na moja. Ilikuwa katuni ya kuchekesha, juu ya familia ya nungunungu inayoishi kwenye stesheni ya treni. Lugha yake hakuna aliyeijua Bariadi nzima. Tumekuja kuambiwa kuwa inazungumzwa na watu wasiofika milioni sita. Wasukuma tumewazidi.

Mwaka uliofuata alifungua banda la video hapa hapa Somanda, akasimama kando ya televisheni na fimbo, akaanza kutafsiri. Baba wa familia hiyo ya katuni akampa jina la Bwana Nungu. Wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka Bwana Nungu alivyopungia bendera treni isiyosimama, na mnakumbuka mazishi ya birika. Birika lilipasuka, familia nzima ikalichimbia kaburi bustanini, na Bwana Nungu akasoma wasifu: "Marehemu alizaliwa kiwandani, akachemka kwa uaminifu miaka ishirini, ameacha vikombe sita na kisosi." Watu walilia kwa kucheka, na mama mmoja wa Lalago alilia kweli.

Lakini pale watu walipopiga kelele mkanda urudishwe nyuma ni pale mlango unapofunguliwa, anaingia nungunungu mwanamke, mnene, na Bwana Nungu anazama chini ya meza huku miiba ikibaki nje. Marehemu alieleza: "Huyo ni mama mkwe. Tazameni adabu ya huyu mzungu. Angekuwa na mahindi angeingia kwenye mahindi." Kwa miaka thelathini, mkwe yeyote mwenye heshima katika mji huu amesifiwa hivi: "Huyu ni wa chini ya meza."

Habari zikafika Dutwa. Bibi Milembe akataka kuona. Jumamosi moja ya mwaka 1993 akaja kwa basi, na ikabidi ifungwe shuka tangu darini hadi chini, ili yeye aione televisheni na asimwone mkwe wake. Selestini akawa nyuma ya shuka, mahali ambapo na yeye hakuiona picha. Alitafsiri hivyo hivyo kwa saa nzima. Mashahidi wanasema hapakuwa na tofauti. Bibi alikuja tena kila baada ya mavuno, hadi banda lilipofungwa mwaka 2011, ving'amuzi vilipoingia majumbani.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2019, na Novemba mwaka jana figo zikachoka. Akiwa kitandani alirudia mazungumzo ya kina Nungu moja baada ya jingine. Ndipo bintiye Flora, mwalimu, alipoitafuta katuni hiyo kwenye simu. Akaikuta. Kumbe bado inatengenezwa, mwaka wa thelathini na saba sasa, na maneno yake yanatafsirika kwa kubonyeza. Baba yake alitaka kujua kila kitu.

"Kwenye mazishi ya birika anasoma nini?"

"Ratiba ya treni, baba."

"Yote?"

"Mpaka treni ya jioni."

Akafikiri. "Siyo mbaya. Na yule mama mkwe?"

Flora aliisoma tena simu. "Yule siyo mama mkwe. Ni mkaguzi wa reli."

Mzee alijivuta akaegemea mto. Kisha akauliza: "Wa cheo gani?"

Siku hiyo hakula. Mazishi ya birika hayakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba mama mkwe wake alikuwa amepanda basi miaka kumi na minane kuja kuangalia heshima yake ikioneshwa kwenye televisheni, kumbe anaoneshwa mtumishi wa serikali. "Nimemdanganya mzazi," alisema, "na siwezi kwenda kumwambia. Mtamwambia nikishalala chini." Hii ndiyo aya yenyewe.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Katika kikao, kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Ngeleja, alisema: "Wasifu hausomwi ili mtu aaibike akiwa hana mdomo wa kujitetea. Na mama wa watu mnamwaibisha na yeye, mbele ya mji mzima." Wengine wakasema agizo la marehemu ni agizo. Mwisho ikaamuliwa Flora aende Dutwa kumwuliza bibi yake, na bibi akikataa, aya ifutwe. Alikwenda jana. Alimkuta anapepeta choroko.

"Bibi, baba ameacha neno lako."

"Langu mimi? Yule aliyenikimbia mpaka mnadani?"

"Anaomba msamaha. Yule mwanamke wa kwenye katuni hakuwa mama mkwe. Alikuwa mkaguzi wa reli."

Bibi aliendelea kupepeta. "Najua."

"Umejuaje?"

"Alikuwa na kofia na filimbi, mke mwenzangu. Mama mkwe gani anaingia kwa mkwe wake na filimbi?"

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Ningesema kwa mdomo gani? Mkwe wangu yule." Akaweka ungo chini. "Halafu sikia, mayu, mama yangu. Mtu akimwona mwenzake amejificha chini ya meza, atasema ni mwizi, ama ni mwoga. Baba yako aliona adabu. Hiyo haikutoka kwenye mkanda. Isomeni."

Kisha akaomba jambo moja. Leo, watu wote wakishapita kuaga, yeye apite wa mwisho, peke yake, amtazame mkwe wake usoni. "Si atakuwa amefumba macho?" alisema. "Basi hakuna atakayekuwa amemvunjia mwenzake heshima."

Mzee Ngeleja alipoulizwa kama mila inaruhusu, alisema hajui, kwa kuwa hajawahi kusikia mtu akiomba.

Marehemu ameacha mjane, Mektilda, watoto wanne, Flora, Sylvester, Joyness na Yakobo, wajukuu tisa, kaka mmoja na dada watatu, na mama mkwe.

Mungu ampe Selestini utulivu. Sasa tutapanga mstari wa kuaga, tukianzia upande wa kanisa. Mkishapita wote, tunawaomba mgeuke mtazame barabara, na msigeuke tena mpaka Bibi Milembe atakapokohoa.