Sungusungu Ndani ya Damu Yangu

Asifiwe Bwana na kila aliyeamka leo akajikuta bado anapumua! Ndugu zangu, mimi ni Bibi Wankuru wa Nyamwaga. Shuleni nilijifunza kuandika jina langu, nikarudishwa shambani. Msitegemee maneno ya kupakwa mafuta.

Ulikuwa mwaka ule tuliokula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni, kwa sababu mahindi yalikauka kabla ya kubeba. Ugali wa mtama ulipikwa akija mgeni tu. Mwaka huo ndipo mwili wangu uliponiasi.

Mimi niliyekuwa nabeba mkungu kichwani hadi mnadani huku nacheka, nilishindwa kujifunga kanga! Vidole vilivimba vikawaka moto. Mashavu yakaota mabaka, utadhani nimepigwa makofi mawili. Nywele zikabaki kwenye kitana. Zahanati wakanitibu malaria, wakanitibu taifodi, homa ikaondoka na kurudi kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

Na nikawa nalala mchana. Ndugu zangu, nikifumba macho tu, naona ng'ombe wa marehemu mume wangu wanapanda mlima ndani ya ukungu. Weupe, wengi, kwato zao hazitoi sauti. Na mimi nyuma yao, miguu myepesi kama ya msichana. Kule sikuumwa hata kidogo! Ndiyo maana nilianza kupenda kule kuliko hapa.

Mwanangu Mwita akanipeleka hospitali kubwa Mwanza. Wakatoa damu, wakapata kitu. Kipimo kinaitwa ANA, kama jina la binti wa mtu. Wakasema kimeonekana, nirudi kwa vipimo vingine. Tukarudi nyumbani na karatasi.

Sasa kwetu Wakurya mnajua. Mbuzi akichinjwa, wazee wakasoma utumbo, utumbo umesema. Nani amemfufua mbuzi amwulize tena? Shemeji yangu Marwa, mdogo wa marehemu, aliishika ile karatasi, akaigeuza, akaitazama mwangani kama anavyotazama utumbo.

"Shemeji, damu imeshasema," akaniambia. "Mwanza utafuata nini tena? Agana na watu."

Na mimi nikakubali! Nikawaita wajukuu uani, nikachukua maziwa mdomoni, nikawatemea baraka mmoja mmoja kama bibi anayesafiri. Yule mdogo, Bhoke, akajifuta uso, akauliza, "Bibi, unakufa leo au kesho? Kesho tuna mtihani." Nilicheka mpaka mbavu zikalia!

Siku ile ikapita, sikufa. Zikapita nyingine. Nimekwisha kuaga, niko hapo hapo, nakula ndizi zao! Marwa alikuwa anachungulia mlangoni: "Bado upo, shemeji?" Namjibu, "Niletee uji, mura, kabla sijaondoka."

Lakini nilikuwa naondoka kweli, polepole. Miguu ilianza kujaa maji. Mchana mmoja niliwaona tena wale ng'ombe. Safari hii mmoja aligeuka. Akanitazama kwa macho makubwa yenye maji, ukungu ukasimama, na ndani ya moyo wangu nikasikia: Nani amekuambia nimemaliza kusema? Ndugu zangu, niliamka nimelowa jasho! Nikamwita Mwita. Nikamwambia, nirudishe Mwanza, hata kama ni kwa kunibeba.

Daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo, bibi. Mbona umechelewa?" Nikamwambia damu ilishasema. Akatikisa kichwa.

"Kipimo kile peke yake hakisemi una ugonjwa, bibi. Hata kwa wazima huonekana, na wanalima na kuchunga ng'ombe wao."

"Sasa kinasema nini?"

"Kinasema huenda askari wa mwili wako wameanza kuuwinda mwili wenyewe."

"Kama sungusungu wa lindo la kijiji anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi?"

Akacheka. "Hivyo hivyo, bibi. Lakini kumwona sungusungu njiani na rungu si ushahidi kwamba amepiga mtu. Lazima tuingie ndani tuone nani ameumia."

Wakaingia! Wakapima mkojo, wakapima figo, wakatoa damu nyingine. Akashika vidole vyangu, akauliza habari za nywele, jua, vidonda vya mdomoni. Mambo yote yalipokaa pamoja ndipo akasema jina: lupus. Figo zilikuwa zimeanza kupigwa. Ningeendelea kukaa uani nikingoja kufa, ningekufa kweli.

Nikaanza vidonge. Taratibu vidole vikalala. Uvimbe wa miguu ukaisha. Vipimo vya juzi vinaonyesha figo zinapumua. Leo nimekuja kanisani kwa miguu yangu, na kanga nimeifunga mwenyewe! Bwana alinizuia mlimani, ndugu zangu! Wewe ambaye viungo vinakuwakia moto, mtegemee Mungu, na uende ukapime. Ukipewa karatasi, uliza inasema nini na haisemi nini. Usijiage!

Najua Mama Robhi, kiongozi wetu wa maombi, ananikonyeza tangu nisimame. Alinitaka nimalize kwa kuvitupa vidonge hapa madhabahuni, vipimo si vimekuwa vizuri? Vimekuwa vizuri kwa sababu navimeza kwa maji na sala, mama! Daktari ameniambia sungusungu hawajaenda kulala, wamekaa chini tu. Kwa hiyo nimemjibu mlangoni asubuhi: Dawa siachi, na Yesu simwachi.

Naona ananyanyua mkono. Anauliza imani yangu iko wapi. Mama Robhi, keti, na wote msikie.

Dawa siachi, na Yesu simwachi.