Chapati ya Mama Mkwe

Assalamu alaikum, akina abaayo, dada zangu. Niruhusuni nizungumze nimekaa, magoti yangu yameshasimama vya kutosha. Ninyi mnaoumwa viungo na matumbo mmeniita nieleze nilivyopona. Kupona sijapona. Nimejifunza kula tu, na hilo si dogo.

Niliolewa wakati wa vita vya shifta. Serikali ilikuwa imetukusanya katika kijiji chenye uzio huko upande wa Bura, na ngamia wetu wengi walikuwa wamekwisha. Sisi watu wa maziwa na nyama tukaanza kula unga wa ngano ulioletwa na lori. Asubuhi anjera, ule mkate mwembamba wa maji maji, jioni chapati. Basi mimi, bibi harusi, nikaanza kuisha. Tumbo likavimba, kuhara hakukomi, nywele zinabaki kwenye kitana. Mimba ya kwanza ikatoka, na ya pili ikaifuata. Wanawake wakamwambia mume wangu atafute mwingine. Nililia sana, maana nilimpenda yule mwanamume. Msicheke, alikuwa mzuri!

Mama mkwe wangu hakunitupa. Mnajua kwetu mgonjwa hapewi mahindi magumu, hupewa kilicho laini na adimu. Basi alininyima mahindi, akanikandia chapati, akailoweka kwenye samli na sukari, akanilisha kwa mkono wake. Nikizidi kukonda, anaongeza chapati. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nauawa kwa mapenzi! Na nani angekataa? Kukataa chakula cha mama mkwe ni kumvunjia heshima mbele ya watu.

Kisha barabara ikafungwa, lori halikuja, unga ukaisha. Tukabaki na mahindi, maziwa ya mbuzi na nyirinyiri kidogo, ile nyama kavu ya kukaangwa. Kijiji kizima kikakonda. Mimi nikanenepa! Tumbo likatulia, mashavu yakarudi. Jirani mmoja aliingia kwangu akafunua hadi mkeka, akitafuta nilikoficha chakula. Nikashika mimba tena, na safari hii ikakaa.

Siku lori liliporudi, vigelegele. Mama mkwe akapika chapati ya kwanza, akaniletea mimi, wanawake wote wakitazama. Walahi, harufu yake! Nikaishika mkononi. Nikakumbuka zile mimba mbili.

"Hoyo, mama yangu," nikasema, "chapati yako ni tamu kuliko zote hapa. Lakini ngano ndiyo inayonimaliza. Nipe mahindi."

Mwanamke mmoja akasonya. Mama mkwe akanitazama tumbo, akaitazama chapati.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuua?"

"Wewe ulinipenda, hoyo. Ni unga."

Machozi yakamtoka. Kisha akainyakua ile chapati, akaila yote mwenyewe, haraka haraka, asije mtu akanipa. Akatenga sufuria moja, akakitangazia kijiji kizima kwamba atakayetia ngano humo atamjua yeye ni nani. Kwenye harusi alikaa ubavuni pangu kama askari. Mkono wangu ukielekea mandazi, anauchapa kofi!

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba mwili wangu ukionja ngano unajipiga wenyewe. Nikamwambia, daktari, mama mkwe wangu alilijua hilo zamani, na shule hakwenda.

Sasa msiende nyumbani mkatupa dawa mkasema bibi mmoja amesema. Adui wangu ni ngano, wako huenda ni kingine, muulize daktari. Ninachowaomba ni hiki: mwambie anayekupikia. Usimeze ugonjwa kwa ajili ya heshima. Anayekupenda atakasirika kidogo, kisha atakutengea sufuria.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, aliyekataa kutafuta mwingine. Na mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, sijawahi kupendwa vile tena.

Ile mimba iliyokaa ndiye huyu mama mnene pale mlangoni, aliyewapikia mahindi ya leo. Na sufuria aliyoishika ni ile ile. Karibuni tule.