Mama Émérence, Aliyepamba Maduka Matupu

Wapendwa, mimi ni Syntiche, binti wa mdogo wake, jamaa imenituma niwasomee maisha ya Mama Émérence, ambaye alikataza tumpambe kwa maneno, kwa kuwa kupamba ilikuwa kazi yake.

Alizaliwa Kabalo tarehe 9 Mei 1958, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza ushonaji hapa Kalemie, akapata diploma mwaka 1977, akaajiriwa na duka la vitambaa mjini kati, ambako walimpa vitrini, dirisha la kioo la kuonyeshea bidhaa, apange, kwa sababu kwenye mashine alikuwa anasema sana.

Tarehe 8 Agosti 1981 aliolewa na Papa Damien, wa bandarini, ambaye alitutangulia, wakapata Rubens na Gracia, tulio nao hapa.

Vita vilipofunga maduka, alishonea nyumbani miaka mingi, mpaka mwaka 2018 alipochoka kuangalia milango ya kutu, akawaomba wenye maduka funguo, apambe tu, bila kuuza kitu, nao wakacheka, mmoja wao, Papa Hubert, akamwuliza, "Mama, unapambia panya?", akajibiwa, "Panya nao wana macho, Papa", akatoa ufunguo.

Mama alitengeneza samaki wa mabati, meza ya arusi ya makartoni, na gauni la bibi arusi la mifuko ya saruji, lililopendeza kwenye kioo hata mchumba mmoja akaja na mashangazi zake kulikodi, wakakasirika kusikia ni karatasi, ikabidi Mama ashone la kweli, na hivyo duka la Papa Hubert likafunguka kwa ushonaji, kisha la jirani, kisha barabara nzima, kidogokidogo.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, akatuaga hospitalini Jumanne tarehe 11 Juni 2024, akiacha agizo moja: kwetu jeneza likipita maduka hufungwa kwa heshima, lakini lake likipita yasifungwe, maana alihangaika sana kuyafungua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ukali wake, majirani waliokesha nasi, washonaji wenzake waliomvika, na zaidi wenye maduka, hasa Papa Hubert, aliyetuambia jana kwamba kuacha duka wazi jeneza likipita njo aibu, hatafanya hivyo, na leo tulipopita na jeneza alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, taa ya vitrini inawaka mchana.

Pumzika kwa amani, Mama Émérence, hakuna aliyefunga.