Miwani ya Jotham

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu, Mzee Sharifu; Mjomba Elias, uliyetoka Al Baraha umekunja uso na mpaka sasa hujaukunjua; ndugu wageni waalikwa, pamoja nanyi mliofuata harufu ya pilau: hamjambo?

Mimi ni Rosina. Nalala kitanda cha juu, Severina analala cha chini, hapa hapa Al Nahda. Nimepewa kazi ya kumuaga Jotham, ambaye Ijumaa anarudi kwao Kakamega baada ya miaka mingi ya kazi katika jumba la sinema. Sitamsifu sana, atavimba kichwa. Lakini haondoki na moyo mweupe. Anamtaka Severina, Severina anamtaka, na Mjomba, ambaye hapa Dubai ndiye baba wa Severina, amekataa. Kisa? Neno moja tu!

Jotham alikwenda kujitambulisha, shati limepigwa pasi, keki mkononi. Mjomba akauliza, "Kijana, unafanya kazi gani?"

"Mzee, mimi huvalisha watu miwani."

Ndugu zangu, kwetu Tanzania tukisema mtu kavaa miwani, tuna maana gani? Naam, mmejibu wote: kalewa! Na Mjomba ni mzee wa kanisa, hata juisi ya zabibu huinusa kwanza.

"Hata watoto unawavalisha?"

"Watoto ndio wanapenda zaidi, mzee."

"Na wewe mwenyewe?"

"Lazima nivae kwanza, nihakikishe iko sawa."

Hapo angenyamaza. Lakini nani amewahi kumnyamazisha Jotham akianza habari za sinema za 3D, zile zinazotazamwa kwa miwani? Akatoa historia. Kwamba mwaka 1922, huko Marekani, watu walilipa kiingilio wakavaa ukumbi mzima, jicho moja jekundu, la pili kijani. Mjomba akashika kiti. Kwamba miaka ya hamsini ndipo walipovaa hasa, mpaka vichwa vikawauma, wakaacha. "Lakini sasa imerudi, mzee! Hata hapa Dubai watu wanavaa, familia nzima!"

Mjomba akasimama. "Yalla, nje! Nakuuliza kazi, unanipa historia ya ulevi?"

Mnacheka. Severina hakucheka. Tangu siku ile anapika ugali wa watu wawili, anakula tonge moja, analala. Mimi wa kitanda cha juu namsikia, na inaniuma sana.

Mjomba, vile vichwa viliuma kwa nini? Picha zilikuwa mbili, moja ya kila jicho, na mashine mbili zilipaswa kwenda pamoja. Moja ikichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unaumwa. Jotham aliponieleza nikamwambia, bwana we, hiyo si sinema, hiyo ni ndoa! Basi hawa wawili wanakwenda pamoja. Anayetuumiza vichwa ni wewe.

Jotham, leta ile miwani. Mpe Mjomba kwa mikono miwili. Ichukue, Mjomba, ni plastiki tu, haina kileo. Inuse kama huamini.

Haya, vaa. Mtazame Severina. Mtazame na kijana.

Jamani, uso umekunjuka! Anatikisa kichwa... ni ndiyo? Ni ndiyo! Khalas, yamekwisha!

Mzee Sharifu, wewe ni shahidi. Mjomba Elias ametoa binti yake mbele ya umma akiwa amevaa miwani, na kesho asije akajitetea kwamba alikuwa amevaa miwani.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Asanteni sana, na pilau lisipoe.